Mjukuu wangu ameandika kijiji chetu kwenye gemu, ukirudi kwa marehemu Otmari mara ya pili humkuti

Wakuu, salamu kutoka Ifakara. Wadogo, shikamoo zenu nimezipokea, tuendelee maana nina hasira. Niliishia darasa la nne, mwandiko mtauvumilia, ila uongo humu hamtaukuta.

Mjukuu wangu Skolastika, mtoto wa Anjelika wangu, anatengeneza gemu kwenye laptop. Halina picha, maandishi matupu. Unaandika "nenda mtoni", linakujibu umefika wapi na unaona nini.

Akaniomba nimsimulie Michenga ya zamani, kijiji chetu, sehemu kwa sehemu. Nikampa zote na watu wake. Kwa Yordani, kwa Benedikta mpika pombe, kwa Otmari fundi baiskeli.

Huyo Otmari ni marehemu. Mjane wake Filomena ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta.

Jumapili tumetoka kanisani, nikamwita aje asikie. Skola akasoma: Otmari ameinamia baiskeli ya katekista, pampu kwapani, anakohoa.

Filomena akacheka mpaka kitenge kikamdondoka. "Mama Anjelika, hata kikohozi chake umekiweka!"

Akataka humo kwenye gemu aende mtoni, halafu arudi kwa mumewe.

Jibu likatoka: "Kwa Otmari. Njia inaenda mtoni."

Basi.

Filomena akauliza taratibu, "Ameenda wapi?"

Skola bila aibu: "Bibi, mara ya pili gemu linatoa jina na njia tu, mtu asichoke kusoma."

Asichoke! Mimi kwa Filomena napita mara nne kwa siku, na zote nne tunaulizana hali. Nikimpita kimya eti asubuhi nilishamsalimia, si ataniona mchawi?

Nikasema hiyo programu haina adabu. Ndipo akakiri: programu haina kosa, kila sehemu unaweza kuiandikia maneno yake kwa mtu anayerudi. Yeye aliacha setingi ilivyokuja. Aliona hakuna haja!

Hapo ndipo nilipowaka kweli. Mjane amefiwa mara ya pili sebuleni kwangu, kwa uvivu wa mtu wa chuo.

Nikamwambia hainuki hapo, wali upoe tu. Nikamtajia, akaandika: mara ya pili Otmari anainua kichwa, "Umesharudi? Maji yamefika wapi?"

Nikamuuliza Filomena, na mara ya tatu?

Akafuta macho. "Mara ya tatu angenifukuza nikapike."

Imeandikwa hivyo hivyo.

Nilichojifunza: kabla hujaacha kitu kilivyokuja, kaa kwanza na mwenye marehemu wake.

Wataalamu wa kompyuta humu, semeni wenyewe: kwenye magemu yenu, mtu akirudi mara ya pili anamkuta nani?