Nimemchongea macho kipofu wa jiwe

Karatu, Jumatatu jioni. Mwezi wa nane tangu niondoke Kondoa.

Jamani, leo nimefukuzwa kazi kwa sababu ya macho!

Tajiri wa loji tunayoijenga kaleta jiwe la kale kutoka Misri, limechongwa wanamuziki. Nikaambiwa nilifute vumbi tu.

Mpiga kinubi macho yake ni mistari miwili. Nikadhani fundi wa huko Misri hakumaliza.

Nikachukua patasi.

Tajiri akapiga kelele: "Wewe! Huyo ni kipofu, ndivyo alivyochongwa!"

Fundi wetu akacheka: "Mrangi wa Kondoa, umemshinda daktari!"

Sikucheka. Baba yangu mpiga zeze haoni, na pesa ya kumtibu ndiyo niliyoifuata huku.

Ningejuaje, jamani? Semeni.

Nafika nyumbani Jumamosi. Dada, ukisoma hapa, usimwambie baba. Atauliza hospitali tunaenda lini.