Shuka Chafu za Cold Marling

Wilaya ya Vijijini ya Thornmere, kule Uingereza, ilikuwa na parokia, yaani vijiji, kumi na moja, na katika kila jambo Cold Marling ilitajwa mwisho. Vita vya Hitler vilipokwisha, halmashauri ikaanza kupeleka mabomba. Great Hallow wakapata, Wendlebrook wakapata. Sisi tukaendelea kuchota dimbwini pamoja na ng'ombe.

Hester Pilbeam alikuwa ameolewa hapo, nyumba moja na mama mkwe wake, Bi Agatha. Wanawake hao walijua kufua, jamani! Walikinga maji ya mvua mapipani, wakayachuja, wakayachemsha, na kila Jumatatu shuka zao zilianikwa kando ya barabara zikiwa nyeupe pe. Ya mvua hayakutosha zaidi ya hapo; kwa kunywa na kupikia yalibaki ya dimbwi. Hester alibeba ndoo mbilimbili hadi mgongo ukakataa kunyooka.

Jumapili moja, nje ya kanisa, alimkabili Meja Ormerod, mjumbe wetu kwenye halmashauri, mwenye pampu yake mwenyewe uani.

"Meja, bomba letu vipi?"

"Bibi Pilbeam, wajumbe wakizuru parokia kila kiangazi, hapa wanaona nini? Shuka nyeupe kuliko za mjini! Wenye shida ya maji hawafui hivyo." Akacheka, akaingia kwenye gari lake.

Hester alibaki pale akilitazama gari likiondoka. Kumbe walikuwa wakijichongea wenyewe kila Jumatatu! Na ziara ilikuwa kesho yake. Baada yake halmashauri ingechagua parokia ya mwisho ya kupewa bomba, na itakayokosa, basi tena.

Jioni aliwakusanya wanawake dimbwini. "Kesho mtu asiguse maji ya mvua. Tufue kwa haya, tuanike hivyohivyo."

Bi Agatha nusura aanguke. "Mimi? Nianike uchafu barabarani? Watu wa Great Hallow wananivulia kofia kwa shuka zangu! Labda niwe nimekufa."

"Mama, mficha uchi hazai. Tumeficha miaka yote hii, tumepata nini?"

"Tumepata heshima!"

"Heshima hainyweki, mama."

Wengine walichukua ndoo zao, wakaenda zao.

Asubuhi Hester alianika peke yake. Shuka zilitoka za kahawia, zimeshika utelezi wa kijani. Alilia huku akibana vibanio, maana alijua kila pazia lilikuwa na jicho nyuma yake. Basi la wajumbe lilishaanza kuonekana mlimani.

Ndipo mlango ukafunguka. Bi Agatha alitoka na kapu, na ndani yake kitambaa cha meza cha harusi yake, ambacho hakikuwahi kumwagiwa hata tone la chai. Kilikuwa kinachuruzika tope.

"Sogea huko," alisema. "Hata kuanika hujui."

Kuona hivyo, majirani wakatoka mbio na makapu yao; kumbe nao walikuwa wamefua kwa maji ya dimbwi. Basi lilipofika, barabara nzima ilikuwa imevaa matope. Mwenyekiti wa halmashauri, Bwana Tranter, muuza nyama mwenye kitambi, alishuka akanusa shuka moja, akakunja uso.

"Meja, huu ndio weupe uliotusimulia?"

"Wamefanya makusudi!" Meja alifoka.

"Ndiyo, makusudi," Bi Agatha akamjibu. "Tulipokuwa weupe ndipo tulipokudanganya. Leo umeyaona maji yetu. Karibuni chai, mabwana. Birika liko motoni, na maji ni hayahaya."

Hakuna aliyekunywa. Ila bomba tulipata! Kabla ya mwaka kwisha Hester alifungulia mfereji penye njia panda, maji yakaruka, na sisi tukapiga kelele hadi kunguru wakahama mnara wa kanisa. Uchaguzi uliofuata alimbwaga Meja chali, akakalia kiti chake mpaka mwaka wa sabini na nne, serikali ilipoifuta wilaya yetu na kuimeza katika wilaya kubwa.

Siku ya mwisho kila parokia iliombwa kumbukumbu ya kutundika ukumbini. Wendlebrook walileta picha ya mwenyekiti, Great Hallow kengele. Hester alileta kitambaa cha meza cha kahawia. Karani kijana akakitazama, akauliza kwa upole kama hakingefuliwa kwanza.

"Thubutu!" alisema Hester. "Marehemu mama mkwe wangu alikichafua kwa mikono yake mwenyewe."