Ng'ombe wa Martine

Maumivu yalimwamsha Papa Philémon alfajiri, kama kuna mtu amemkalia kifuani. Serikali ya Zaïre ilishamwondolea jina hilo la ubatizo ikamwandika Cirhuza, lakini pale kwao Kasha nani angemwita hivyo? Mkono wa kushoto ukawa mzito, taya likauma.

"Kuna nini?" mkewe Eulalie akauliza.

"Tumbo tu. Maharagwe ya jana."

Uongo mtupu! Leo wakwe walikuwa wanaleta ng'ombe wa mahari ya Martine, binti yake wa mwisho. Kwao walisema, baba wa bibi harusi akiinuka kabla pombe ya ndizi haijaisha, ndoa nayo imeinuka ikaenda zake. Basi heri afe amekaa. Mkaidi yule!

Wageni wakaingia kwa nyimbo. Akakaa nao, mrija mdomoni, na sauti zao zikaanza kwenda mbali. Akajiona yuko tena kwenye lori aliloendesha miaka yote ile, akishuka milima kuelekea Uvira. Joto la Luvungi likampokea, upepo ukaingia dirishani, watoto wa Sange wakampungia. Huko hakuna kilichouma. Palikuwa patamu, jamani, akatamani barabara isiishe.

"Papa!"

Martine alikuwa ametoka chumbani bila kuitwa. Wanawake wakaguna. Akamgusa baba yake usoni. "Papa, uko na jasho ya baridi. Ilianza saa ngapi?"

"Rudi ndani, mama. Utaharibu siku yako."

"Ilianza saa ngapi?"

"Asubuhi," akanong'ona.

Muzee Gérard, baba wa bwana harusi, ambaye Philémon alimwogopa kuliko maumivu yenyewe, akaweka mrija chini.

"Mukwe wangu, kwa nini haukusema? Ngombe ingengoja. Tungerudi hata kesho!"

Akamwinua kwa mikono yake mwenyewe, akampeleka hospitali kwa gari lake la kamioneti.

Alipona, tumshukuru Mungu. Lakini daktari hakumficha kitu: sehemu ya moyo ilikuwa imekufa.

"Na kama ningekuja asubuhi?"

"Papa, asubuhi tungeweza kuokoa sehemu kubwa yake. Sasa milima usipande tena."

Kanisa lao lilikuwa juu kileleni. Siku ya harusi Martine alipanda akiwa ameshikwa mkono na Muzee Gérard. Philémon akabaki mlangoni pake, akiwatazama mpaka vazi jeupe likapotea kwenye kona, na akalia bila kujificha.