Namba Sita Hakuwa Kwenye Orodha

Kiwanja chetu cha Baraka kiliinama kuelekea ziwani. Ukiugusa mpira kidogo tu kutoka goli la juu, uliendelea kutelemka wenyewe mpaka mtu auzuie. Timu ngeni hazikulijua hilo, nasi hatukuwaambia. Kipindi cha kwanza tulicheza tukipanda, tukavumilia, na kipindi cha pili tukawatelemkia wakiwa wameshachoka. Mwalimu wetu wa kemia, ambaye ndiye aliyekuwa kocha, alisema huo si ujanja, ni jiografia.

Mimi nilikuwa kipa. Shule yetu ya sekondari ilikuwa na vyumba sita vya matofali, kila darasa chumba chake, na prefe, yaani mkuu wa shule, alikuwa na ofisi iliyotosha meza moja na mtu mmoja. Wavulana wa kuchagulia timu hawakuzidi thelathini. Baadhi yao walikuwa wanachaguliwa kwa sababu walikuwa na viatu.

Kapitene wetu alivaa namba sita. Alitoka juu milimani, kwa wafugaji wanaosema Kinyarwanda, akashuka Baraka kusoma. Alikaa nyuma ya soko, kwa mjomba wake, mchungaji wa kanisa moja la Kiprotestanti. Sisi wengine karibu wote tulikuwa Wabembe, watoto wa wavuvi na wa wakulima wa mihogo. Tulimtania kwa sababu ya maziwa, naye akatutania kwa sababu ya ndagala, wale samaki wadogo ambao harufu yao haikutoka kwenye mashati yetu hata yakifuliwa. Hakukimbia sana. Alisimama katikati ya kiwanja kama mtu aliyepewa miadi pale, na mpira ukamfikia. Sijawahi kuelewa alivyofanya.

Msimu ule tulikwenda kucheza Lulimba. Tulipanda lori la mfanyabiashara, tukakaa juu ya bidoni, madumu ya plastiki yaliyojaa mawese, tangu alfajiri hadi jua kuzama, na asubuhi tulipoamka suruali zetu zote zilikuwa na madoa mekundu. Wachimbaji wa dhahabu walitoka mashimoni kuja kutazama, udongo umewakaukia miguuni, na walimshangilia yeyote aliyekuwa na mpira. Tulishinda mbili kwa bila. La pili alifunga namba sita. Kurudi, lori lilizama kwenye tope mara tatu, tukalisukuma, na yeye aliongoza nyimbo za kanisani za kwao ambazo hatukujua maneno yake lakini tuliitikia.

Baada ya ushindi ule tulibakiza nusu fainali, nyumbani, dhidi ya shule ya Lubondja. Tulipewa wiki tatu za kujiandaa.

Katika wiki hizo tatu maneno yalibadilika. Redio ilisema vita viko upande wa Uvira, kaskazini mwetu, na kwamba waliovileta ni watu wa milimani. Sokoni watu walianza kusema "bale", yaani wale, bila kutaja ni nani, na kila mtu alielewa. Darasani mwanafunzi mmoja alihamisha dawati lake mbali na namba sita, siku iliyofuata wawili. Mimi sikuhama. Nilikaa mbele yake, na mbele yangu hakukuwa na nafasi.

Jumanne kabla ya mchezo, mwalimu wa kemia alisimama barazani na karatasi, akasoma orodha ya wachezaji kumi na sita. Alisoma polepole kama anavyosoma matokeo ya mtihani. Alipomaliza alikunja karatasi.

"Mwalimu," namba sita alisema, "sikusikia jina yangu."

"Hauko," mwalimu alisema. "Utapumzika."

"Lakini sichoke."

"Nimesema utapumzika."

Hakumtazama. Alinyoosha mkono, na namba sita akafungua kile kitambaa cha ukapitene alichokuwa amekifunga mkononi, kipande cha shuka jeupe, akampa. Mwalimu akanipa mimi. Nilikifunga. Tukaingia kiwanjani kufanya mazoezi, na yeye akazunguka kiwanja akikimbia peke yake, nje ya mistari, mpaka tulipomaliza.

Tulipokuwa tunavua viatu alikuja kusimama karibu yangu.

"Kipa, unisindikize mpaka kwa muchungaji," alisema. "Leo sitaki kupita soko peke yangu."

"Niko na kazi ya kurudisha mupira kwa prefe."

"Basi nitakungojea."

"Usingoje. Nitakawia."

Ofisi ya prefe ilikuwa hatua kama hamsini kutoka pale tulipokuwa. Mpira ulikuwa mmoja. Alinitazama kidogo, akatikisa kichwa kukubali, akashika njia ya soko. Nilikwenda nikauweka mpira juu ya meza, kisha nikakaa barazani mpaka nilipokuwa na hakika ameshapotea. Ningependa kusema niliogopa, kwa maana watu wengi waliogopa siku zile, na mtu anayeogopa anasameheka. Ninachokumbuka ni kwamba miguu iliniuma na sikutaka kutembea.

Jumatano hakuja shule. Mwalimu wa kemia naye hakuja. Prefe alisema mwalimu ana malaria. Alhamisi nilipita nyuma ya soko. Nyumba ya mchungaji ilikuwa wazi, mlango umeng'olewa pamoja na bawaba zake. Mama mmoja tuliyemfahamu alikuwa anatoka na karai kichwani. Alinisalimia, nikamwitikia, tukaulizana habari za nyumbani. Sikumuuliza habari ya wenye karai.

Jumamosi mwalimu alifika kiwanjani, amevaa kandambili, miguu imevimba. Alikaa kwenye benchi mchezo mzima bila kusimama hata mara moja, yeye aliyezoea kutembea kando ya mstari akitufokea. Tulishinda moja kwa bila. Dakika za mwisho Lubondja walipata penalti, nikaidaka. Watu waliingia kiwanjani wakanibeba. Kutoka mabegani mwao niliona ziwa lote juu ya vichwa, na mitumbwi, na mama yangu amesimama kwenye kona akipiga makofi. Nilijua hii ndiyo siku ambayo nilikuwa naiota tangu utoto. Nilingoja furaha ije. Walinishusha, nikaenda kunywa maji.

Fainali haikuchezwa. Vita vilifika Baraka kabla yake. Mama, dada yangu na mimi tulivuka ziwa katika boti iliyojaa mpaka maji yakawa yanaingia, tukafika ng'ambo, Tanzania, tukapewa hema na namba. Nilikaa kambini miaka mingi, vita vya kwanza vikaisha, vya pili vikaanza, vikaisha navyo. Mambo ya kule sikuyashika vizuri. Nakumbuka foleni za maji na nakumbuka kwamba vumbi lilikuwa jekundu.

Mwalimu wa kemia naye alikuwa kambini na mke wake. Aliugua mwaka wa pili, akafa. Nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Wenzangu wa timu waliokuwepo walilia, mimi sikulia. Moyoni nilikuwa nimeshamhukumu: yeye ndiye aliyemtoa namba sita kwenye orodha kwa kuogopa watu. Sikuwahi kumuuliza. Alipokuwa mgonjwa nilikwenda kumwona mara mbili, na mara zote mbili tulizungumza mpira wa zamani, yeye akitaja timu nzima jina kwa jina, na namba sita pia, akitabasamu, nami nikawaza kwamba mtu huyu hana aibu. Hukumu ile ilinifaa. Ikiwa mwenye kosa alikuwa yeye, basi mimi nilikuwa kipa tu, niliyerudisha mpira ofisini.

Niliporudi Baraka nilipewa kazi ya kufundisha Kifaransa katika shule ileile, na kwa kuwa niliwahi kucheza nikapewa na timu. Nguzo za magoli hazikuwepo. Wanajeshi waliowahi kupiga kambi pale walikuwa wamezipikia. Mbele ya goli la juu walichimba mashimo ya meko, na kwa wiki mbili wanafunzi walibeba mchanga wa ziwani kwa mabeseni kuyafukia. Tulikata miti ya mikaratusi, tukasimamisha magoli mapya. Timu yenyewe haikuwa nzuri. Wengi walikuwa wamekulia kambini, wakijua kucheza mahali padogo tu.

Basi makanisa yakapanga kualika shule za sehemu mbalimbali, ili watu waanze kuzoeana tena. Tuliambiwa kutakuja timu kutoka juu milimani. Wengine mjini walinung'unika, lakini siku ilipofika walikuja kutazama. Lori lilisimama karibu na kona. Wachezaji wakaruka chini, na nyuma yao akashuka kocha wao, mtu mwenye koti la kijivu na upara unaoanza. Alikuja mpaka katikati ya kiwanja, akasimama. Nilimtambua kwa kusimama kule kabla sijaona uso wake.

Nilikwenda alipo.

"Kipa," alisema.

"Kapitene."

Tulishikana mikono. Mkono wake ulikuwa mkavu na mgumu. Aliuliza mama yangu kama yuko, nikasema yuko. Nikamuuliza juu ya mjomba wake mchungaji, akasema yuko, amezeeka. Kisha akatazama huku na huku.

"Mwalimu wa kemia iko wapi?"

"Alikufaka. Kule kambini, ng'ambo."

Alikwenda kwenye benchi letu akakaa, nami nikakaa kando yake. Wanafunzi wake walikuwa wanapasha mwili moto.

"Nilimuletea maziwa," alisema baadaye. "Iko bidoni mbili mu lori. Nilisema safari hii lazima nimuone."

"Juu ya nini?" nikauliza sababu yake.

"Haujue?"

"Sijue."

Alinigeukia.

"Ile Jumanne, mangaribi, alikuja kwa muchungaji. Alisema Jumamosi batu yote batakuwa ku kiwanja, na bale benye kunitafuta batanikuta pale kati, na namba ku mugongo. Alisema, hauwezi kucheza, na hauwezi kubakia. Kesho yake asubuhi tulitoka, mi, muchungaji na muke yake. Mwalimu ye mbele."

"Njia gani?"

"Ya Lubondja, lakini mu mashamba. Kama anaona batu ku njia, anabaendea. Anabasalimia Kibembe, anaanza kubaelezea muchezo ya Jumamosi, nani atacheza, nani ameumia. Batu banapenda mupira. Banamusikiliza. Na sisi tunapita nyuma, mu mihogo. Siku mbili tulitembea vile. Pa kuanza kupanda mulima alituonyesha njia, akarudi. Viatu vyake vilikuwa vimepasuka, alirudi miguu wazi."

Nilitazama chini, kwenye majani kati ya miguu yangu.

"Hakuniambia," nilisema.

"Hakuambia mutu. Angesema, bangemuua."

Nilijua kwamba sasa ni zamu yangu. Nilikuwa na neno la kusema juu ya Jumanne ileile, saa moja tu kabla mwalimu hajagonga kwao. Sikujua kama yeye anaikumbuka. Alikuwa amekaa bila haraka, mikono juu ya magoti, na nilifikiri labda ananipa nafasi. Nilifungua mdomo.

"Kipa wako iko muzuri?" nikauliza.

Aligeuka kuwatazama wanafunzi wake.

"Iko mufupi," alisema. "Lakini anaruka."

Tulicheza. Walitufunga tatu kwa moja, na kweli kipa wao alikuwa anaruka. Hakuna aliyepigana wala kutukana. Mzee mmoja nyuma yangu alisema wale vijana wanajua kutulia na mpira, na wenzake wakakubali. Baada ya filimbi ya mwisho kapitene alinijia tena, akauliza kama mwalimu aliacha mjane. Nilimwambia mjane hakurudi, alibaki ng'ambo kwa binti yake. Akafikiri, kisha akaagiza bidoni zishushwe, na maziwa yakagawiwa kwa wachezaji wa timu zote mbili, kikombe kwa zamu. Wanafunzi wangu wengi hawakuwa wamewahi kuyanywa. Walikunja uso, wakacheka, wakamaliza. Nami nilikunywa. Yalikuwa yamegandishwa, machachu, yana harufu ya moshi.

Waliondoka saa tisa, kwa sababu ya njia. Alituomba twende kwao mwaka unaofuata. Mwaka uliofuata kulikuwa na mapigano upande ule, na barabara ilifungwa. Nilimwandikia barua, nikampa mfanyabiashara mmoja anayepanda kununua ng'ombe. Nilimwandikia mahali anapokaa yule mjane, matokeo ya timu yetu, na kwamba mama anamsalimia. Ilifika kurasa mbili. Nilipoisoma tena kabla ya kuifunga niliona kwamba Jumanne ile haimo. Chini palikuwa na nafasi ya mistari minne au mitano. Niliitazama nafasi ile, nikaweka sahihi, nikaikunja.

Jibu halikuja. Mfanyabiashara alisema barua aliiacha kwa watu waliomfahamu.

Mjane nilimwona mara moja, nilipovuka ziwa kwa arusi ya dada yangu. Nilimsimulia yote niliyoambiwa, mashamba ya mihogo, viatu, siku zile mbili. Alinisikiliza huku akichambua mchele kwenye ungo. Alisema alijua kwamba mume wake hakuwa na malaria, maana hakuwa nyumbani, ila hakuwahi kumuuliza alikuwa wapi. Alidhani alikuwa na mwanamke.

"Alirudi na miguu mibaya," alisema. "Nilimuwekea maji ya chumvi, lakini sikumusemesha wiki nzima."

Aliendelea kuchambua. Baada ya muda aliita mjukuu wake alete kiti kingine, akaniuliza kama nitakula.

Nilisema nitakula.