Kipimo cha Nyundo

Lami ilikuwa imetuishia kitambo, na basi lilipotushusha katika mji wa machimbo tusioujua, kila tuliyemuuliza habari za mawe alituelekeza kwa Binti Chupa. Ndiye mpima mawe pekee pale. Bila mhuri wake, mnunuzi hagusi kitu.

Tulimkuta ana kazi, tukaketi kungoja. Upande wa pili wa meza alikaa mnunuzi, na kando yake mjomba wa Binti Chupa, dalali mkongwe, ambaye hawakuwa wamesemezana naye kwa miaka ishirini. Wachimbaji watatu walijibanza kwenye benchi. Mjomba alifungua kitambaa, akatoa jiwe la ukubwa wa punje ya hindi.

Binti Chupa alilipulizia pumzi. Kwatzi, lile jiwe la kioo lililojaa kila korongo, lingebaki na ukungu kidogo. Hili liling'aa papo hapo, maana almasi hupokonya joto upesi. Akatazama kwa lenzi: nyuso nane, si nguzo ya pande sita kama ya kwatzi. Akakwaruzia kona yake kwenye kipande cha kwatzi, kikaingia mkwaruzo. Alishajua. Lakini mhuri hakuugusa.

Baba yake alichimba miaka kumi na mmoja ndipo akaokota jiwe, akalipeleka kwa shemeji yake, dalali huyuhuyu. Dalali akaliweka juu ya chuma mbele ya watu, akatangaza kwamba almasi ya kweli haivunjiki, akashusha nyundo. Likasambaratika. Akamwambia shemeji yake ameokota chupa, kisha akavikusanya vipande, eti visichome watoto miguu. Mwaka uleule akaezeka mabati mapya. Baba akaitwa Chupa mpaka anazikwa. Binti alikwenda mbali kusomea mawe, na huko akafundishwa kwamba almasi haikwaruziki, ila ina njia zake za kupasukia. Nyundo moja inatosha.

Sasa aliliweka jiwe juu ya chuma, akachukua nyundo.

"Nimalizie na kipimo chako, Mjomba."

Mjomba akacheka kikavu. "Acha utani, mwanangu."

"Ya kweli haivunjiki. Si ulisema?"

Nyundo ilipopanda, mjomba aliudaka mkono wake. "Usipige. Almasi inavunjika."

"Ulijua lini?"

Mjomba alimtazama mnunuzi, akaona hapati msaada.

"Tangu zamani," akasema.

"Tangu kwa baba?"

Akaitikia kwa kichwa. Mchimbaji mmoja, hodari wa kumtania marehemu, alivua kofia, akatazama chini. Binti Chupa alimpa muda mjomba auachie mkono wake. Alipouachia, akapiga.

Hakungoja kelele. Alitia mhuri na lenzi mkobani, akawaambia wa kwenye benchi kwamba kuanzia leo baba yake aitwe jina alilopewa na wazazi wake, akatoka. Sisi tulibaki tumeinua miguu, mjomba akipapasa vipande sakafuni chini ya viti vyetu.