Kofia ya Mtaliano Juu ya Mlango Wetu

Niseme kwanza ujinga wangu, nisije nikaonekana mtu mwema huko mbele: nilivaa kofia ya chuma ya marehemu baba yake Bibi, nikafunga kamba ya mbuzi kutoka mti hadi mti, nikaweka bariere, kizuizi cha kukagua wapitao, katika barabara ya Salamabila. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Kwetu, upande wa Kabambare, watoto hucheza bariere kama wenzao wa kwingine wanavyocheza mpira: mmoja ni kamanda, wengine ni wasafiri, na anayepita analipa kwa majani ya mhogo. Lakini mchezo huo huchezwa uani, na kofia yake ni jani la mgomba. Mimi nikaona uani ni mahali pa watoto.

Ile kofia ilinukia mawese na chuma. Kila Ijumaa baada ya sala, Bibi aliitoa kwenye msumari juu ya mlango wa sebule, akaisugua kwa kitambaa chenye mawese mpaka ing'ae, huku akisimulia. Baba yake, zamani za Wabelgiji, alikwenda na jeshi mpaka Abisinia kupigana na Wataliano. Huko alimuua ofisa wao, akamvua kofia, akarudi nayo hapa kwetu Lusangi. Matundu matatu yaliyokuwa juu yake yalikuwa ya risasi tatu, na ule weusi usiotoka hata kwa mchanga ulikuwa moshi wa bomu. Idadi ya maiti ilitegemea mgeni. Kwa mgeni wa kawaida alikufa Mtaliano mmoja, kwa imamu walikufa watatu, na siku walipokuja kumposa shangazi yangu kiliteketea karibu kikosi kizima. Bibi aliishi kwa hadithi ile. Hakuwa na shamba kubwa wala mwana tajiri, ila alikuwa binti wa mtu aliyemshinda Mzungu, na watu walimwachia kiti kwa ajili hiyo.

Ilikuwa kiangazi. Mama alikuwa ameanika mihogo mbele ya nyumba, na ndani kaka yangu mkubwa Juma, niliyemwita Yaya kama tunavyowaita ndugu wakubwa, alikuwa amelala chini ya blanketi siku ya tatu, amerudi na homa kutoka kwenye mashimo ya dhahabu. Wiki ile watu wa porini, wale waasi, walikuwa wamefunga barabara ng'ambo ya mto, na wanajeshi walikuwa wamepiga kambi si mbali nasi. Watu wazima walizungumza kwa sauti ndogo. Mtu mwenye akili angekaa kimya. Mimi nikabeba mchi wa kutwangia begani kama bunduki, nikajificha kwenye kona ya barabara.

Pikipiki ikaja na gunia la samaki wakavu nyuma. Nikatoka kichakani, nikatia sauti nzito, kama wanajeshi wanaosimamisha watu na kudai hati: "Alt! Papie!" Dereva akaona kofia, akaona mchi, akafunga breki, akaanguka. Kabla sijasema neno la pili alikuwa ameshakimbia, kandambili moja ameiacha njiani. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu ile pikipiki ilikuwa bado inanguruma pale mavumbini, gurudumu linazunguka peke yake, na hapakuwa na mtu mwingine wa kucheka naye. Nikafungua kamba, nikaitundika kofia kwenye msumari wake, nikaenda kukaa nyuma ya zizi la mbuzi kama mtu aliyekuwa hapo tangu asubuhi.

Dereva alirudi, lakini hakurudi peke yake. Walikuwa wanajeshi sita, na kamanda wao alikuwa mtu mwembamba asiyepaza sauti. Walipofika mlangoni kwetu dereva akanyoosha kidole: "Ni ile kofia! Mwenyewe alikuwa mutu murefu, na bunduki, na ndevu!"

Mwenye ndevu nyumbani alikuwa mmoja. Walimvuta Yaya Juma kutoka chini ya blanketi, wakamfunga mikono mgongoni kwa mpira wa kufungia mizigo. Alikuwa anatetemeka, na ile homa yake wao waliisoma kama hatia.

"Wenzako wako wapi?" kamanda akauliza.

"Shefu, niko mugonjwa. Siku tatu sijatoka."

Mama alikuwa amepiga magoti kwenye mihogo yake. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua. Nikatoka nyuma ya zizi. "Shefu, ni mimi. Nilikuwa ninacheza."

"Huyu?" dereva akafoka. "Huyu mutoto? Mimi nikimbie mutoto? Alikuwa mutu mukubwa!" Nilimwona machoni: angekubali kaka yangu aende kuliko kukubali kuwa alikimbia mchi. Nikaivaa kofia, ikashuka mpaka puani. Mwanajeshi mmoja akacheka, kamanda hakucheka.

"Mumemufundisha aseme hivyo, sababu mutoto hafungwi," akasema. Akaniondolea kofia, akaigeuzageuza. "Hii si ya jeshi letu. Sijaona kofia kama hii hata siku moja. Mulimuvua nani?"

Watu wote wakamtazama Bibi. Alikuwa amesimama mlangoni, na kwa mazoea ya maisha yake yote akanyoosha shingo, akaanza: "Baba yangu alimuua ofisa wa Kitaliano kule Abisinia. Tazama, risasi tatu..."

"Basi hii ni nyumba ya wapiganaji tangu zamani," kamanda akamkata. "Mupandisheni kwenye pikipiki."

Wakaanza kumvuta Yaya. Mama akamshika mguu, naye akaburutwa pamoja naye. Ndipo nikasikia Bibi akisema, "Ngoja." Alishuka kutoka kizingitini, akakaa chini kwenye vumbi, mbele ya majirani wote waliowahi kumwachia kiti.

"Hakuua mutu," akasema. "Baba yangu hakuwa askari, alikuwa mupagazi. Alibeba masanduku ya risasi za wengine juu ya kichwa, bila viatu, miezi na miezi. Askari walipewa sufuria, wapagazi hawakupewa. Hiyo kofia aliiokota kwenye majani, haina mwenyewe, akaichukua ya kupikia maharage. Kwaruza, shefu. Kwaruza huo moshi wa bomu."

Kamanda akatoa kisu, akakwaruza. Ukadondoka unga mweusi. Akakinusa kidole chake. "Masizi," akasema. Kisha akachungulia ndani na kuyapapasa matundu. Yote matatu yalikuwa sawa, kingo laini, kama yalivyotoka kiwandani, na kila moja lilikuwa limezibwa kwa msumari wa shaba uliogongwa ukalala.

"Aliyaziba supu isivuje," Bibi akasema. Jirani mmoja, ambaye babu yake alikuwa koplo wa kweli, akakohoa. Bibi hakuinua macho.

Kamanda akanitazama. Akaniamuru nilete hiyo bunduki yangu. Nikaleta mchi, na ulikuwa bado na unga wa mhogo. Akamgeukia dereva: "Ndevu ziko wapi?" Wanajeshi wakacheka hatimaye, wakamfungua Yaya. Dereva akainama, akauliza kwa adabu kama kuna mtu aliyeiona kandambili yake.

Sasa nina miaka kumi na saba, ninasoma Kasongo, na bado mwalimu ananitoa nje kwa utani karibu kila wiki. Mwenzangu mmoja alinionyesha kwenye simu kofia za vita vya zamani ambazo Wazungu wanazitafuta wanunue: kila moja ina ushujaa wake ulioandikwa chini, nani aliivaa, nani alimpiga nani. Nilitafuta yenye masizi, sikuiona hata moja. Likizo nikirudi nyumbani ninapita bariere za kweli, kadi ya shule mkononi tangu mbali, na hapo ndipo mahali pekee ambapo sina utani. Bibi hakumtaja tena Mtaliano mpaka alipofariki. Wageni wakiuliza juu ya ile kofia, alisema ni sufuria ya baba, na mimi nilitamani waende.

Jioni ya siku ile ya wanajeshi Mama hakunipiga, na hilo lilinitisha kuliko fimbo. Aliiosha kofia, akaiweka juu ya mafiga matatu, akapika maharage ndani yake, hayakuvuja hata tone. Akanipakulia na ugali, akanisubiri nipige tonge la kwanza, kisha akasema: "Bibi yako alikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia, na leo amekitupa vumbini ili wewe ubaki na kaka. Kuanzia Ijumaa utaisugua wewe. Na mtu akikuuliza ilikuwa ya nani, sema ilikuwa ya mpagazi, na usishushe sauti."