Benchi Moja na Baba Mkwe

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, nilipotaka kuinua geti nililolitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, likakataa kuondoka chini. Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Karakana yangu ndogo ya kuchomelea vyuma ilikuwa hapa hapa mtaani kwetu Katuba, kando ya barabara, na mama aliyekuja kuchukua geti lake alikuwa amesimama ananitazama. Nikajaribu mara ya pili. Halikusogea. Yule mama, kwa heshima yake, akageuza macho akaanza kuangalia rangi ya ukuta wa jirani.

Ukiniona leo na mvi zangu, nacheka kila saa, usidhani nilizaliwa na akili hii. Kwa miezi kadhaa kabla ya siku hiyo nilikuwa nakunywa maji kama shamba la kiangazi. Suruali zilikuwa zinanivuka. Nilichoka asubuhi kabla hata ya kushika kazi. Na kule chumbani, nikuambie wazi kwa kuwa nawe ni mwanamume, nilikuwa nampa mke wangu Ngalula mgongo, najifanya nimelala. Nilisadiki kwamba uanaume wangu umeniaga.

Kwenye kituo cha mabasi palikuwa na muuzaji mwenye kipaza sauti. "Ba papa, nguvu yenye ilienda, leo inarudia," alikuwa akiimba tangu asubuhi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini mtu aliyeshikwa na hofu hakumbuki methali. Nikanunua. Chupa ilikuwa na picha ya tembo, na chini yake maandishi madogo ambayo sikujisumbua kuyasoma. Dawa yenyewe ilikuwa tamu kama asali. Nikaificha kwenye sanduku la vifaa vyangu, mahali ambapo Ngalula hakuwa na sababu ya kufungua.

Siku tatu za kwanza nilijiona kijana. Moyo unaotaka kuamini hauhitaji ushahidi mwingi. Wiki ya pili uchovu ukarudi na ndugu zake wote. Nami nikafanya nini? Badala ya kijiko kimoja nikanywa viwili, kisha vinne. Chupa ikiisha, nanunua nyingine.

Mke hadanganyiki na mambo ya nyumba yake. Alhamisi ya juma lile la geti, Ngalula aliweka mezani bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, akaketi mbele yangu, wala hakula.

"Kalala," akasema, "uko na bibi ingine?"

Hakupaza sauti. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama mvua itanyesha, ila mikono yake ilikuwa imeshika kitenge chake kwa nguvu. Jibu nilikuwa nalo, mwanangu. Lilikuwa jibu fupi, nalo lingemponya. Nikalimeza pamoja na tonge la bukari. Ona ujinga wa mwanamume: nilikubali mke wangu aamini nina mwanamke mwingine kuliko ajue kwamba nimeishiwa nguvu.

"Sawa," akasema. "Siku ya posho nitaenda kwa baba. Bantu ya familia batakaa, utajibu mbele yabo."

Siku ya posho, kwetu, ndiyo Jumamosi. Nilibakiwa na siku moja tu. Ijumaa asubuhi nikaifunga chupa yangu kwenye gazeti, nikaondoka Katuba, nikaenda kwenye zahanati moja Ruashi, upande mwingine kabisa wa mji, mahali ambapo hakuna anayenijua. Nikaingia. Wanaume wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi, na nafasi ilikuwa moja tu pale mwisho. Nilipokaa ndipo nikageuka kumsalimu jirani yangu.

Alikuwa baba mkwe wangu, Muzee Tshibangu, baba wa Ngalula.

Labda nyinyi vijana wa leo hamwezi kuelewa. Kwetu, watu wa Kasai, mkwe ni wa kuogopwa kwa heshima. Humpi mkono, huli mbele yake, na ukimwona njiani unapisha. Mambo ya mwili hayatajwi kabisa mbele yake. Basi tulikaa pale, bega kwa bega, kila mmoja anatazama ukuta. Na juu ya magoti yake, alikuwa na kitu kilichofungwa kwenye gazeti.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Mama Agnesi, mwenye miwani iliyoshuka puani. Akatoka, akatutazama wote watano, akasema, "Ba tata, mwenye anakunywaka dawa ya kununua mu barabara, aitoshe, aiweke hapa pa meza. Siwezi kupima muntu mwenye anafichaka."

Hakuna aliyesogea. Nilihesabu pumzi zangu. Kisha Muzee Tshibangu, aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote na hakuwa mtu wa kurudi nyuma, akafungua gazeti lake taratibu, akasimamisha chupa juu ya meza. Ilikuwa na picha ya tembo. Na mimi ningefanya nini? Nikafungua langu. Yule wa pili akaingiza mkono ndani ya koti. Wa tatu kwenye mfuko wa plastiki. Wa nne akainama chini ya benchi. Tembo watano wakasimama pale mezani.

Tukawatazama. Halafu nikasikia mlio upande wangu, kama injini inayokataa kuwaka. Alikuwa baba mkwe. Alikuwa anajizuia kucheka, ikamshinda, akacheka hata akavua kofia kufuta machozi. Tukacheka wote, wanaume wazima watano, na Mama Agnesi akalazimika kuingia ndani kwa muda ili naye acheke kwa adabu.

Alitupima mmoja mmoja. Mimi alinichoma kidole, akatazama kile kipimo chake, akarudia. Kisha akachukua chupa yangu na kuyasoma yale maandishi madogo.

"Tata," akasema, "uko na ugonjwa ya sukari. Na hii dawa, kintu ya kwanza yenye baliandika ni sukari. Hapa ulikuwa unatia mafuta mu moto."

Baba mkwe naye akakutwa na upungufu wa damu, na minyoo tumboni. Akapewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza madini ya chuma. Nikaona wivu kidogo, nikauliza kwa nini yeye apewe vya kuongeza nguvu, mimi ninyimwe.

"Yeye alipungukiwa, tumeona mu damu yake," Mama Agnesi akajibu. "Weye hapana. Unaongezaka pale penye kunapunguka. Weye ulisema unachomeleaka vyuma, sivyo? Unaweza kuziba tundu yenye haujaona?"

Tulitoka pamoja. Nikataka kubaki nyuma hatua kumi, kama inavyopaswa. Akasimama akaningoja.

"Buko," akaniambia, maana ndivyo tunavyoitana wakwe huku, "mutoto yangu alikuya kwangu juma yenye ilipita, analia. Alisema uko na bibi ingine. Leo nimemwona ule bibi. Iko mu chupa." Akatembea kidogo. Uso wake sasa haukuwa na kicheko. "Muntu anakuaminia binti yake, na weye unamwacha alie juu ya aibu yako. Ile haiko nguvu ya mwanaume. Utamwambia leo. Mi pia nitaambia mama yake, maana na mi nilimuficha."

Mwanangu, nimekemewa na wengi, lakini yeye peke yake ndiye aliyejiweka mwenyewe ndani ya kemeo lake.

Nilimwambia Ngalula jioni ile ile, pale uani, akiwa anachambua lengalenga, yaani mchicha. Nikamweleza yote, tangu kiu mpaka geti mpaka tembo. Aliposikia habari za benchi na baba yake, alifunika uso kwa mikono miwili. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na analia pia.

"Miezi tatu," akasema, "miezi tatu mi nachukia mwanamuke mwenye haiko."

Jumamosi alikwenda kwao kama alivyosema, lakini alibeba kuku, nami nilikuwa nyuma yake. Kikao cha familia kikageuka kuwa karamu.

Nilimeza vidonge vya kushusha sukari nilivyopewa zahanati bila kuruka siku. Bukari ikapungua kwenye sahani yangu, mboga, maharagwe na samaki vikaongezeka. Na kila asubuhi mimi na Muzee Tshibangu tulitembea kwa miguu, kwa agizo la Mama Agnesi. Katuba yote ilitoka milangoni kuona mtu akitembea bega kwa bega na mkwe wake. Kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nainua mageti tena. Ya chumbani sitakusimulia, ila Ngalula alirudia kuimba akifua nguo.

Sasa nakuona wewe na wenzako mnaagiza makopo kwenye simu, ya unga na vidonge, yenye picha za wanaume wenye vifua kama milima. Sikuambii kila kopo ni baya. Mimi mwenyewe leo nameza vitamini moja, kwa sababu daktari alinipima akaona imepungua. Lakini pima kwanza, ndipo uongeze. Soma maandishi madogo, na usiyoyaelewa uliza. Kuuliza si ujinga. Ukienda kwa daktari, mtajie kila unachomeza, hata kile unachokionea haya. Kopo haliwezi kushika nafasi ya chakula, ya usingizi, wala ya jasho la kutembea. Na uchovu usioisha, kiu isiyokatika, au kitanda kilichopoa, usivitafutie tembo wa barabarani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Zaidi ya yote, usimfiche mwenzako wa nyumbani.

Mungu akupe damu safi na mifupa migumu. Akupe wakwe wasioogopa kukungoja njiani. Akupe mke wa kukuuliza maswali, na kifua cha kumjibu ukweli.